Jibu kwa dada wa Konde: huyo bundi mdogo yupo Pemba tu, na mwembe msiukate

Waalaykumu salaam dada. Kwa faida ya wengine wanaosoma ngoja kwanza niseme ulichouliza kwa ufupi. Dada huyu kwao Tanga, kaolewa Pemba maeneo ya Konde, nyuma ya nyumba ya wakwe zake kuna shamba la mikarafuu na mwembe mmoja wa zamani una tundu juu kule. Kila baada ya isha anasikia ndege analia "hu", kimya, "hu", kimya, siku moja katoka na tochi akamuona, kadogo, mwekundu mwekundu hivi, macho ya njano. Mama mkwe anasema huyo ni bundi, si wa kheri, mwembe ukatwe ahame. Shemeji yake mdogo anasema ndege huyo hayupo popote duniani ila Pemba. Sasa dada anauliza nani mkweli na mwembe inakuwaje.

Shemeji yako kasema kweli tupu. Kwa ulivyoeleza, ukubwa, macho, rangi, huo mlio wa mkato mmoja, na hapo mnapokaa, huyo ni bundi mdogo wa Pemba, kwa jina la kitaalamu Otus pembaensis, na haishi Unguja, haishi Mafia, haishi Tanga kwenu, ni Pemba peke yake, kisiwa chenye kama kilomita za mraba 1,000 hivi na watu wamejaa humo na mashamba yao. Nimefurahi sana kusoma swali lako maana watu wengi wanalala na huyu ndege juu ya bati miaka na miaka na hawajui kama wageni wanapanda ndege toka Ulaya wanakuja mpaka msitu wa Ngezi, huko huko Pemba, kumtafuta yeye tu, wengine wanaondoka wamemsikia na hawajamuona. Mama mkwe naye usimuone mjinga, nitafika kwake.

Nianze na ndege mwenyewe. Urefu wake ni kama sentimita 20 toka utosini mpaka mkiani, yaani bundi mdogo kabisa. Wapo wa rangi mbili na hapo ndo watu wanachanganyikiwa wakadhani ni ndege wawili tofauti, kuna wa kahawia na kuna wa rangi ya kutu kama huyo wako, ila wote ni walewale, ni rangi tu zinatofautiana ndani ya spishi moja. Kichwani ana vishungi vifupi ambavyo mara nyingi huvioni mpaka ashtuke avisimamishe. Mchana hajifichi mbali kama watu wanavyodhani, anakaa palepale kwenye majani mazito, anajibana na shina, anajinyoosha akawa mwembamba na macho anayafumba yakabaki mstari, hapo unampita hatua tatu na humuoni, unaona gome limebanduka basi.

Ukitaka kujua anapenda kukaa wapi usiangalie juu, angalia chini. Bundi hatafuni, anameza, na kile kisichosagika anakitapika kidonge kidonge. Wa bundi mkubwa anayekula panya utakuta vidonge vina manyoya na vifupa, lakini wa huyu mdogo ni vijidonge vikavu vinavyovunjika upesi, ukikisugua na vidole kinakuwa unga na humo ndani unaona vipande vya mbawa ngumu za kombamwiko wa shambani, miguu ya panzi, ganda la mdudu linalong'aa. Asubuhi nenda chini ya mwembe na chini ya mikarafuu ya karibu yake, kwenye majani makavu, tafuta taratibu. Ukikuta hivyo basi hapo juu ndo kibarazani kwake. Na hii inakujibu na jambo jingine ambalo hukuuliza ila najua litakuja, kuku. Huyu chakula chake hasa ni wadudu, vifaranga vyenu havimhusu, kama vinapotea mtafuteni mwizi mwingine.

Sasa kwa nini Pemba tu. Hapa ndo napapenda mimi. Ukiwa Tanga ukitazama baharini unaona Pemba iko hapo tu, kama kilomita 50, na Unguja nayo iko hapo tu ng'ambo ya Bagamoyo, mtu anaona visiwa viwili vya aina moja. Lakini chini ya maji ni mambo mawili tofauti kabisa. Mkondo kati ya Unguja na Bara ni wa kina kifupi, sehemu nyingi hata mita 50 hazifiki, wakati ule wa baridi kuu ya dunia, miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya bahari yaliganda kwenye barafu huko kaskazini na kusini na bahari ikashuka kama mita 120, kwa hiyo Unguja ikawa imeungana na Bara na wanyama wakapita kwa miguu. Ndo maana Unguja ilikuwa na chui, na ina kima punju. Mkondo wa Pemba una mamia ya mita kwenda chini, kuna sehemu unakaribia mita 800, bahari ilishuka weee na bado Pemba ikabaki kisiwa. Chui hakufika. Waliofika ni walioweza kuruka au kuelea, na aliyefika akakaa peke yake vizazi na vizazi bila kuchanganyika na wa kwao, mpaka akawa mwingine.

Ndo maana Pemba kisiwa kidogo namna hiyo kina ndege wanne ambao dunia nzima hawapo pengine. Huyu bundi, halafu kuna ninga wa Pemba, yule njiwa wa kijani, kuna chozi wa Pemba anayenyonya maua hata ya migomba yenu hapo uani, na kuna yule kadogo wa njano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho anayetembea makundi makundi kwenye miti. Unguja pamoja na ukubwa wake haina hata mmoja wa namna hiyo. Chozi na yule wa njano hawana shida, wamejaa kila bustani. Ninga anawindwa kitoweo na miti yake ya matunda inapungua. Bundi ndo nitamsemea leo.

Aliyemuandika kwa mara ya kwanza kwenye vitabu vya sayansi ni Muingereza mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Zanzibar wakati wa ukoloni, Pakenham, mwaka 1937. Namtaja kwa kuwa ndo kumbukumbu ilivyo, ila wakulima wa Pemba walikuwa wanamsikia kabla babu yake Pakenham hajazaliwa. Kwa muda mrefu baada ya hapo wataalamu walimtia fungu moja na bundi mdogo wa Madagaska, wakisema ni tawi lake tu, baadaye wakamtenga akawa spishi yake. Na kwa hawa bundi wadogo sauti ndo kitambulisho chenyewe, maana rangi zinadanganya. Mfano jamaa yake wa Bara, yule wa mapori makavu ya miombo na migunga, ukimuweka pembeni ya wa Pemba ni wale wale vimo, lakini yeye mlio wake unatetemeka, "prrrp", kimya sekunde kadhaa, "prrrp" tena. Wa Pemba hatetemeki, ni "hu" safi iliyokatika, mara moja moja bila mpango, au anaziunganisha nne tano sita kwa haraka. Na ukisikia wawili wanajibizana, mmoja yuko juu kidogo wa sauti na mwingine chini, hao ni mume na mke.

Na si Pemba peke yake yenye hadithi hii, bahari yetu hii ya Hindi imejaa bundi wadogo wa kisiwa kimoja kimoja. Kule visiwa vya Komoro, Wangazija wana wao kwenye mlima Karthala, Nzwani wana wao, Mwali wana wao ambaye kaandikwa juzi tu mwaka 1998, Maore wana wao, Sokotra wana wao. Yule wa Nzwani watu walishadhani katoweka mpaka akaonekana tena mwaka 1992. Wa kisiwa cha Mahé huko Shelisheli naye walidhani kaisha, akapatikana 1959, na kiota chake kilikuja kuonekana mwaka 1999, fikiria, miaka 40 watu wanajua yupo na hawajaona anapotaga. Upande wa pili wa Afrika, kisiwa cha Príncipe, bundi wao kapewa jina la kisayansi mwaka 2022. Lakini Morisi walikuwa na wa kwao, wakakata misitu wakalima miwa, na tangu 1837 hakuna aliyemuona tena. Réunion na Rodrigues pia walikuwa nao, hawapo. Bundi wa kisiwa akiisha kisiwani kwake kaisha duniani, hakuna kwa kwenda kuazima mbegu.

Sasa tuje kwenye mwembe maana hapa ndo penye swali lako kweli.

Watu wengi wakisikia ndege wa msituni wanasema aa basi yupo Ngezi analindwa, sisi huku mashambani hatuhusiki. Ni kweli Ngezi ndo ngome yake, pale ndo kipande kikubwa cha mwisho cha msitu wa asili Pemba, kimehifadhiwa tangu miaka ya 1950, una mijoho na mivule mirefu na ile mipapindi ambayo nayo ni ya Pemba tu. Kuna na Msitu Mkuu upande wa mashariki, mdogo zaidi. Lakini ukipiga hesabu, msitu wote huo uliobaki ni kipande kidogo sana cha kisiwa. Huyu ndege asingetegemea kitu kingine angekuwa na hali mbaya sana leo. Kilichomuokoa ni karafuu.

Unajua historia yake, kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote na Pemba ikasalimika, toka hapo Pemba ndo ikawa shamba kuu la karafuu mpaka leo. Misitu mingi ilifyekwa kupisha mikarafuu, hilo ni hasara kwa bundi, lakini mkarafuu ni mti unaoishi miaka mingi, unakuwa mrefu, majani yake hayapukutiki, unatoa kivuli kizito, na wazee walikuwa hawasafishi shamba likawa kiwanja, waliacha miembe humo, mifenesi, misufi, minazi, na vichaka chini. Bundi akaingia. Mashamba ya zamani yaliyofunga, yenye miti mikubwa imechanganyika, huyo anaishi humo vizuri tu, na ndo huyo anayelia nyuma ya nyumba yenu. Shamba jipya la mikarafuu michanga imepangwa mistari, limepaliliwa jeupe, halina mti wa kale, humo usimtafute.

Na katika shamba hilo mti wa thamani kuliko yote kwake ni ule ambao nyie mnauona hauna faida. Bundi wa ukoo huu kawaida hawajengi kiota, wanataga kwenye tundu la mti, na yeye hana mdomo wa kutoboa kama kigong'ota. Anahitaji tundu lililojifanya lenyewe, tawi kubwa limevunjika zamani, maji yameingia, moyo wa mti umeoza ndani, imechukua miaka mingi. Mwembe wa miaka 20 hauna tundu hilo. Mkarafuu wenyewe mara nyingi hauna. Kwa hiyo shamba zima la ekari kadhaa linaweza kuwa na mti mmoja tu wenye nafasi ya bundi kulea, na huo mti mmoja ndo watu wanaoanza nao wakitaka kuni au mbao au kuchoma makaa, maana "mzee huu hauzai tena". Mikarafuu yote ikibaki na mwembe ukaondoka, mtaendelea kumsikia miaka michache, halafu kimya, na hakuna atakayejua kwa nini. IUCN, lile shirika la dunia la uhifadhi, wamemuweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, daraja la chini kati ya yale matatu ya hatari, na sababu kubwa ni hiyohiyo, kisiwa kidogo na miti mikubwa inapungua.

Kwa hiyo mwembe nakuomba sana msiukate. Kama kuna tawi limeinamia juu ya bati mnaogopa upepo wa kusi, katani hilo tawi, hakuna neno, ila shina na tundu muache. Kabla ya kukata kaa jioni mbili tatu mtazame kama kuna ndege anaingia na kutoka tunduni, akiwa analea subirini makinda yatoke.

Mama mkwe sasa. Usiende kwake na maneno ya kizungu ya spishi na nini, na wala usimwambie anaamini ushirikina, huyo mzee kalelewa hivyo, na pwani yote toka Lamu mpaka Kilwa bundi anaogopwa. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na dini maana Pemba ni watu wa dini. Ipo hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyopokewa na Bukhari inayokataza kuamini mkosi wa ndege, na wanazuoni katika kuifafanua wanamtaja bundi mwenyewe, kwamba Waarabu wa zamani kabla ya Uislamu walikuwa na itikadi ya bundi na maiti na Mtume akaikataa. Mimi si shekhe, muombe imamu wa msikiti wenu awaeleze vizuri, najua wengi wao wanaijua na neno la imamu litaingia kuliko langu mimi na lako wewe mkwe mgeni.

La pili, kaa naye barazani usiku mtenganishe sauti. Nyingi zinazotisha watu Pemba si za huyu mdogo kabisa. Ile ya mtoto mchanga analia juu ya mti saa nane za usiku ni komba. Makelele ya kugombana na mabawa kupiga kwenye mwembe wenye matunda ni popo wakubwa. Ule mlio mrefu wa kukwaruza unaopita juu ya nyumba ni bundi mwingine, mkubwa, mwenye uso mweupe, anayekaa kwenye magofu, huyo yupo karibu dunia nzima na anawamalizia panya. Huyu wenu kazi yake ni "hu" tu. Watu wazima wengi nimewaona wakishajua hii ni sauti ya nani wanalegea, hofu inakaa zaidi kwenye kile usichokijua umbo. Akimuona kwa macho, kadogo vile, itasaidia zaidi ya maneno yote.

Na Wapemba si wageni wa kulinda vyao. Angalia popo wa Pemba, huyo naye hayupo pengine duniani, aliliwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki elfu chache tu, wanakijiji wenyewe wakaamua, kama wale wa Kidike, wakazuia uwindaji, na idadi ikaja kupanda mpaka kama 20,000. Mwambie mama mkwe hiyo, anaijua.

Mkitaka kumuona, tokeni kati ya magharibi na isha usiku usio na upepo wala mvua, kaeni kimya, mumsikilize kwanza analia wapi, halafu tochi muiwashe mara moja kwa sekunde chache, mkiweza muifunike na karatasi nyekundu au kitambaa chekundu, msimmulike machoni muda mrefu maana anabaki haoni na hapo ndo anagonga tawi au anakamatwa. Shemeji yako mwambie asimpigie rekodi ya mlio toka kwenye intaneti kwa spika. Najua vijana wanaipenda maana anakuja kweli, lakini anakuja akidhani kuna bundi mwingine kavamia eneo lake, anaacha kuwinda, anaacha makinda, anahangaika kumtafuta adui ambaye hayupo. Mara moja fupi haimuui, kila usiku kwa ajili ya klipu ni kumtesa. Na kumpiga mawe au kumshika kumfuga wala tusilijadili, Zanzibar ina sheria ya misitu na viumbe wake ya mwaka 1996 na ukifika ofisi ya misitu watakueleza.

Ukipata nafasi nenda Ngezi, kwenu Konde ni karibu, njia ya kwenda Makangale inapita katikati ya msitu. Pale getini wapo walinzi wa msitu wanaotembeza wageni usiku kumtafuta huyuhuyu, ila wapeni taarifa mapema mchana, msifike usiku mkatarajia mtu. Mchukue na mama mkwe kama miguu inamruhusu.

Na kuanzia sasa kila ukimsikia andika kwenye daftari au kwenye simu, tarehe, saa, alikuwa mti gani, alikuwa mmoja au wawili. Rekodi sauti yake kwa simu hata kama haisikiki vizuri. Ukishajaza mwaka peleka nakala pale Ngezi, maana taarifa za msituni wanazo, za mashambani kwa watu ndo chache, na sehemu kubwa ya Pemba ni mashamba. Ukiona wameanza kuingia tunduni niandikie tena.